Barua ya wazi: Saa mliyotupangia Mtera ndiyo saa ya radi

Kwa Waheshimiwa Viongozi wenye dhamana ya matumizi ya maji na usalama wa ufukwe,
Bwawa la Mtera.

YAH: MASHARTI YA KIBALI CHA MICHEZO YA UPEPO BWAWANI

Ndugu Viongozi,

Tunawasalimu kwa heshima. Barua hii inatoka hadharani kwa sababu barua mbili tulizoleta ofisini kwa mkono zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na mpaka leo hazijajibiwa. Kikao tulichoahidiwa kimeahirishwa mara mbili. Mvua zinakaribia na masharti ni yaleyale. Hatuwezi tena kusubiri kimya.

Tunatumia na kufundisha mbao za tanga na kaiti. Kwa asiyeifahamu michezo hii: ubao wa tanga una mlingoti ulioshikizwa kwa kiungo cha mpira kinachopinda kila upande, na mtu husimama akilishika tanga kwa mikono na kwa mkanda wa kiunoni. Kaiti ni tiara kubwa ya mita za mraba 7 hadi 14, yenye mirija inayojazwa hewa kwa pampu. Inamvuta mtu kwa kamba nne za urefu wa mita 20 hadi 24, naye yuko juu ya ubao mdogo. Vyote viwili vinakwenda kwa upepo mtupu, na breki havina.

Hatupingi kuwekewa masharti. Tunayapinga haya yaliyopo, kwa sababu yanamzuia mtu siku iliyo salama na kumruhusu siku ya hatari. Kibali kinasema kuingia majini ni saa tisa alasiri hadi saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Mahali ni kipande cha ufukwe karibu na ukuta wa bwawa, jirani na barabara ya Dodoma–Iringa. Ni marufuku kuingia upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa. Na kila mtu avae jaketi okozi na kusaini fomu kwamba ameingia kwa hiari yake. Hoja zetu ni hizi.

1. Saa

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote, na mtuwie radhi tukieleza kwa kirefu.

Kanda ya kati inapata msimu mmoja wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Katika miezi hiyo asubuhi huwa nyeupe. Jua linachoma ardhi, hewa ya moto inapanda, na kufika saa saba mchana mawingu yameanza kuota huku na huku kama vichuguu. Saa tisa au saa kumi, mojawapo limeshapanda mpaka likakosa pa kwenda, kichwa chake kikatanuka na kuwa bapa kama fuawe la mhunzi. Hilo ndilo wingu la radi. Na saa tisa ndiyo saa ambayo geti lenu linafunguliwa.

Mvua ya wingu hilo inapoanza kushuka hupita kwanza katika hewa kavu. Huku kwetu kitako cha wingu kiko juu sana na hewa iliyo chini yake ni kavu, kwa hiyo matone mengi hugeuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Jambo hilo huipoza hewa. Hewa iliyopoa ni nzito, inaporomoka, na ikifika chini haina njia ila kutawanyika pande zote kwa kasi. Kila mkazi wa Dodoma anaijua picha hii: ukuta wa vumbi jekundu unaingia mtaani, mabati yanapiga kelele, na tone la kwanza bado halijaanguka. Upepo huo unaweza kulitangulia wingu kwa kilomita 10 na zaidi. Aliye majini anapigwa na dhoruba huku utosini kwake jua linawaka.

Dalili zake zina mpangilio. Kwanza upepo wa mchana unalegea, tanga linaning'inia, maji yanatulia kama ya kwenye beseni. Asiyejua hufurahi kupumzika. Kisha baridi inamgusa usoni, pamoja na harufu ya udongo uliolowa. Halafu upande wa wingu unaonekana mstari mweusi juu ya maji, nyuma yake povu jeupe. Tangu mstari huo uonekane, zimebaki dakika chache tu, na mtu aliye mita 800 kutoka nchi kavu hazimtoshi. Upepo unageuka, mara nyingi ukitokea upande kinyume na ule wa mwanzo, na unaweza kuruka kutoka kilomita 15 hadi 60 kwa saa au kuzidi hapo.

Nguvu ya upepo kwenye kitambaa haiongezeki sawa na kasi yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, nguvu ni mara tisa. Mtu aliyechagua kaiti ya mita 12 kwa upepo wa kilomita 25, ukimkuta wa kilomita 60, anavutwa kwa nguvu inayokaribia mara sita. Kuisukuma mbali fimbo ya kuongozea kunapunguza mvuto, lakini si kwa kiasi hicho. Inabidi afyatue kifyatuo cha dharura kilicho mbele ya kiuno papo hapo, kaiti ipoteze nguvu na ibaki imeshikwa na kamba moja ya usalama. Akichelewa kwa sekunde mbili tatu ananyanyuliwa, na mahali atakapoangukia hapangi yeye. Mwenye tanga ana nafuu kidogo, kwani akiliachia linalala majini. Ila hataliinua tena katika upepo ule. Na akiuachia ubao nao, unakwenda kwa kasi ambayo muogeleaji haiwezi.

Tunaomba hivi: kuanzia Novemba hadi Aprili, muda wa kuingia majini uwe saa moja asubuhi hadi saa sita mchana. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, upepo wa kusini mashariki ni wa kutegemewa na ngurumo ni nadra. Kwa miezi hiyo saa za sasa zinafaa, isipokuwa mtu wa mwisho awe nchi kavu saa kumi na moja jioni. Jua likizama bado kuna mtu majini, mnamtafuta gizani kwenye bwawa lenye mamba na viboko.

2. Kikomo cha kilomita 30

Kwanza, hakuna kipima upepo ufukweni. Mlinzi anatazama matawi ya mti na kukisia, na tumeona watu wakirudishwa siku tulivu na kuruhusiwa siku mbaya. Hatumlaumu yeye, maana hakupewa kifaa.

Pili, namba yenyewe inapima kitu kisichohusika. Upepo wa kilomita 40 usiopandapanda, kwa mtu mzoefu mwenye tanga la mita 5 au kaiti ya mita 8, ni siku nzuri kabisa. Upepo wa kilomita 12 chini ya wingu la fuawe ni siku ya kukaa nchi kavu. Kinachoangusha watu ni pengo kati ya upepo wa kawaida na mkupuo, yaani upepo unaovuma ghafla kwa nguvu kwa muda mfupi.

Kipima upepo cha mkononi kinatosha. Mlinzi asimame kwenye maji ya magotini, mbali na miti na majengo, akinyanyue juu ya kichwa kwa dakika 10, aandike wastani na kiwango cha juu kabisa. Mkupuo ukizidi wastani kwa nusu yake, bendera ya njano: wazoefu tu, na kitambaa kidogo kuliko kawaida. Ukifika mara mbili ya wastani, bendera nyekundu. Vipimo virudiwe kila saa na kuandikwa kwenye ubao ambao wavuvi nao wanauona.

Na juu ya vipimo vyote iwepo amri moja isiyo na mjadala: ngurumo ikisikika hata mara moja, hata kama anga la juu ni jeupe, wote watoke. Ngurumo husikika hadi kilomita 15 hivi, na radi inaweza kupiga mbali kiasi hichohicho na wingu lake. Ukiisikia, umeshafikiwa. Mlingoti wa kaboni wenye urefu wa mita 4 katikati ya maji tambarare ndio kitu kirefu kuliko vyote vinavyouzunguka, na kaiti iko juu zaidi. Hakuna kurudi majini mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila inaposikika nyingine hesabu ianze upya.

3. Mahali

Ukuta wa Mtera uko upande wa mashariki na bwawa limelala kuelekea magharibi. Upepo wa kiangazi unatoka kusini mashariki. Kwa maneno mengine, kwenye ufukwe mliotupangia upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Pembezoni maji yanaonekana laini kwa kuwa nchi kavu inaukinga upepo, na mwanafunzi anaamini siku ni ya kwake. Mita 300 mbele mawimbi ni mafupi na yamesimama wima, yanampiga kila anapojaribu kuinuka. Kamba ikikatika, au kiungo cha mpira kikichanika, hakuna kinachomrudisha. Anasukumwa kwenda kwenye maji mapana, akizidi kuwa mdogo machoni pa aliyebaki ufukweni.

Dhoruba ya mvua ikigeuza upepo, kipande hichohicho kinakuwa hatari kwa namna nyingine: sasa mtu anasukumwa kuelekea ukutani, barabarani na kwenye nyaya za umeme. Kaiti yenye kamba za mita 24 ikigusa waya, kamba zilizolowa zinaweza kupitisha umeme hadi kwa mtu. Tunaomba jambo hili lisisubiri kikao. Lisimamishwe leo.

Ufukwe unaofaa ni ule ambao upepo wa kiangazi unaupiga kwa mshazari kutoka majini, ili aliyeharibikiwa arudishwe nchi kavu mita chache mbele ya alipotokea. Upande wa kaskazini unazo sehemu kama hizo. Tunapendekeza iwe walau kilomita 3 kutoka ukutani na nusu kilomita kutoka kwenye waya wowote, na wakati wa kurusha kaiti ibaki nafasi tupu ya mita 50 upande upepo unakoelekea, yaani mara mbili ya urefu wa kamba. Miiba ya migunga ifagiliwe. Mwiba mmoja unatoboa mrija kwa tundu lisiloonekana, kaiti inarushwa ikiwa ngumu, na nusu saa baadaye inalegea katikati ya maji.

4. Visiki

Bwawa lilipojazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti haikuondolewa yote, na mingine imesimama hadi leo ikiwa mikavu. Inayoonekana si tatizo. Tatizo ni iliyokatika au kuoza hadi karibu na uso wa maji. Kina cha juu cha bwawa ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari na cha chini cha kuendeshea mitambo ya umeme ni mita 690. Katikati ya mita hizo 8.5 kila kisiki kina siku yake ya kuwa sentimita 20 chini ya maji, na maji ya Ruaha wakati wa mvua yana rangi ya chai ya maziwa. Pezi lililo chini ya ubao wa tanga lina sentimita 25 hadi 45. Likigonga kisiki kwa kasi ya kilomita 35, linavunjika au ubao unasimama ghafla, na aliyejifunga kwa mkanda anarushwa mbele pamoja na mlingoti.

Dawa yake ni nyepesi. Chagueni njia ya maji yenye upana wa mita 200, mtumbwi upite taratibu ukiburuta kamba yenye uzito, ya kina cha mita moja na nusu, na kila inaponasa pafungwe dumu la njano la lita 20, lililofungwa vizuri na kukazwa kifuniko. Kamba ya dumu ifungwe kwenye kisiki chenyewe. Kazi irudiwe kila kina kinapobadilika kwa nusu mita. Na kina cha siku kiandikwe kwenye ubao uleule wa upepo. Namba hiyo inapimwa kila siku, kinachokosekana ni kuifikisha ufukweni.

5. Jaketi, ukaguzi na boti

Majaketi ya rangi ya chungwa yanayogawiwa getini ni ya abiria wa boti. Ni marefu, yanafunika ndoano ya mkanda wa kiunoni na yanaziba kifyatuo cha dharura. Mtu anayehitaji kukifikia katika sekunde moja anapapasa sponji. Ruhusuni jaketi fupi linaloishia juu ya kiuno, lenye nguvu ya kuelesha isiyopungua nyutoni 50, na wasiojua kuogelea wasiingie kabisa.

Ukaguzi wa dakika tano unazuia mengi. Kwenye ubao wa tanga, laza mlingoti kila upande na utazame shina la kiungo cha mpira: mstari mwembamba kama unywele ni ufa, na kiungo hicho hakiingii majini. Kwenye kaiti, fyatua kifyatuo ukiwa ufukweni. Mchanga na tope vinakikamata, na kisichofyatuka kwa mkono mmoja hakifai. Nyoosha kamba nne sambamba. Fundo dogo linapunguza nguvu ya kamba, na fundo linapatikana kwa macho na vidole tu. Kila mtu awe na kisu cha ndoano cha kukatia kamba, na filimbi.

Boti ya uokoaji ipo, lakini injini inafungiwa stoo na mafuta hutolewa kwa kusainiwa. Hiyo haiokoi mtu. Iwe majini, ina lita 20 za petroli, injini isiyopungua nguvu za farasi 25, panga boi lenye kizuizi, na watu wawili waliofundishwa kusogea kwa mtu wa kaiti: wasipite kamwe kati yake na kaiti yake, wazime injini kabla ya kufika, wachukue mtu kwanza na vifaa baadaye. Kamba ya kaiti ikishika panga boi, kunakuwa na watu watatu wa kuokolewa. Kutoka Dodoma mjini hadi hapa ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo hata anayepiga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, anapaswa kujua kwamba msaada wa kwanza ni wa palepale bwawani.

6. Nyavu

Wavuvi wa Mtera na wa Migoli wana haki ya maji haya kabla yetu. Tunaomba njia yetu ya maji ipangwe nao, si juu yao, na isipite penye nyavu zao za usiku ambazo hazijapanduliwa.

Tunajua majibu yatakayotolewa, kwa hiyo tuyajibu.

Mtasema hakuna bajeti. Tunachoomba ni kipima upepo cha mkononi, bendera, ubao wa kuandikia, madumu na kamba. Madumu na kamba tutaleta sisi, na kazi ya kuburuta kamba tutaifanya sisi. Boti na mafuta tayari mnavyo.

Mtasema bwawa liko kwenye mikoa miwili, na suala la upande wa pili si lenu. Dhoruba haitambui mpaka wa Dodoma na Iringa. Tunaomba ofisi moja, yoyote, ikubali kuwa mwenye bendera, na nyingine zitambue bendera hiyo.

Mtasema huu ni mchezo wa watu wachache wenye uwezo. Upepo unaoangusha kaiti ndio unaopindua mtumbwi wa mvuvi saa kumi jioni, naye hana jaketi la aina yoyote. Bendera nyekundu ikipandishwa itamwita na yeye arudi.

Mtasema utabiri unatolewa na upo kwenye simu. Utabiri wa mkoa husema kutakuwa na mvua za ngurumo katika baadhi ya maeneo. Haumwambii mtu kwamba wingu lile lililo upande wa mto Kisigo litafika hapa baada ya dakika arobaini. Hilo linahitaji mtu ufukweni anayetazama magharibi na mashariki.

Na kuna mtakaosema basi tufungeni kabisa. Mkifunga, watu wataingilia kwenye vichaka, mbali na boti, mbali na mlinzi, saa wanayotaka. Tumeshaona vifaa vikishushwa kwenye magari mahali pasipo na mtu wa kuwaona.

Kuhusu fomu ya kusaini: inamlinda nani? Mwanafunzi wa miaka 19 anayetia saini getini hajui wingu la fuawe ni nini, wala hajaambiwa. Badala ya fomu, mpeni karatasi moja yenye dalili tulizoandika katika hoja ya kwanza na ishara ya kuomba msaada: mikono yote miwili ikinyooshwa pembeni, kupandishwa na kushushwa taratibu. Mumwambie pia neno moja ambalo linaokoa kuliko jaketi: usiuache ubao. Ubao unaelea na unaonekana kwa mbali. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani.

Kwa hiyo, Ndugu Viongozi, tunaomba yafuatayo kwa mpangilio wa uharaka. Leo: kaiti zisirushwe tena karibu na nyaya na ukuta. Ndani ya siku 14: saa za msimu wa mvua zibadilishwe, amri ya ngurumo iandikwe kwenye kibali, na injini ya boti itolewe stoo. Ndani ya siku 30: kikao cha pamoja kati yenu, wavuvi, viongozi wa vijiji vya pande zote mbili na sisi, kifanyike ufukweni penyewe, ili eneo jipya lichaguliwe huku upepo ukituvumia usoni. Visiki viwekewe madumu kabla ya mvua za kwanza, wakati maji bado yako chini na vinaonekana.

Tuko tayari kufika siku yoyote mtakayotaja, na kumfundisha mlinzi wenu kutumia kipima upepo bila malipo. Jibu tunaliomba kwa maandishi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Watumiaji na wakufunzi wa mbao za tanga na kaiti,
Dodoma.

Nakala:
Viongozi wa vijiji vinavyozunguka bwawa
Viongozi wa wavuvi, pande zote mbili
Ubao wa matangazo, mwaloni